Picha ya Kupeana: Viumbe Wanaotegemeana ndani ya Tangi la Maji ya Bahari

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya upigaji picha wa mazingira, Mbwajumali, Kisiwa cha Pate



Nimeombwa nizungumzie kamera na tangi la kioo, lakini nitaanza na chazo. Wavuvi mlioko hapa mnamjua: samaki mwenye kisahani cha kunatia juu ya kichwa, anayejibandika kwa papa au kasa akabebwa bure, huku akiokota makombo na wadudu wa ngozini. Wavuvi wa Kibajuni walimfunga kamba mkiani, wakamwachilia karibu na kasa, akanata, wakavuta. Leo kasa analindwa na sheria na uvuvi huo umepigwa marufuku, ila jicho la mvuvi yule bado linatufaa. Alichokuwa akikitafuta ni pale wawili wanapogusana. Mpiga picha naye anatafuta pale pale.

Picha nyingi tunazoonyeshwa za viumbe "wanaosaidiana" ni picha za majirani tu. Samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe ametulia juu ya anemoni, rangi zinawaka, basi. Nani kampa nani nini? Kwenye maji yetu ya Afrika Mashariki yupo mmoja wao, Amphiprion allardi. Minyiri ya anemoni inachoma samaki wengine, lakini yeye ana ute unaomkinga. Hujificha humo, naye huwafukuza samaki wanaokuja kula minyiri, na kinyesi chake ni mbolea kwa mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama ya anemoni. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Wapangaji wawili, nyumba moja. Picha yenye maana ni ile ya samaki akimfukuza kitatange, au akijisugua ndani ya minyiri.

Hapa tangi linadanganya. Anemoni akikaa kwenye mwanga hafifu au maji ya moto hupoteza mwani wake na kuwa mweupe pe. Mweupe huyo na samaki wa chungwa juu yake hutoka vizuri sana kwenye picha, na nimeona picha za namna hiyo zikisifiwa. Anayesifiwa ni mgonjwa. Ndiyo yaliyoyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, joto la El Niño lilipoyafukuzia mwani wake na sehemu kubwa ikafa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kamera, pima joto la maji. Na jua likiyapunguza maji ya tangi, jazia maji ya kunywa yasiyo na chumvi wala dawa. Ukijazia ya bahari, chumvi inazidi kupanda juu ya zile gramu 35 kwa lita ambazo viumbe hawa wamezizoea.

Kwa mwenye tangi dogo nyumbani, mimi ningemchagulia kamba mchimbaji na samaki wake mlinzi. Kamba huyu haoni vizuri. Anachimba shimo kwenye mchanga kutwa nzima, anatoa kokoto na vipande vya makombe, na samaki mdogo anakaa mlangoni. Kila kamba atokapo, hugusa mwili wa samaki kwa kipapasio chake. Samaki akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Hatari ikisogea zaidi, samaki naye anatumbukia. Mkataba wao wote umo kwenye kipapasio kile chembamba kama uzi. Basi weka fokasi hapo, usiiweke kwenye jicho la samaki kama tulivyozoea. Mpe mchanga wa kina, uliochanganyika na makombe yaliyovunjika ili shimo lisiporomoke, kisha bandika karatasi nyeusi nje ya kioo sehemu ya chini. Kamba akichimba kwa kuambaa na kioo, utaifunua karatasi taratibu na kuona chumbani kwao, jambo ambalo mzamiaji baharini halipati.

Kuhusu kioo chenyewe: zima taa za chumbani, funika nyuma yako kwa buibui kuukuu, na gandisha lenzi kwenye kioo ikitazama moja kwa moja, maana ukiipinda picha hufifia. Mwanga utoke juu. Kasi ya 1/200 na tundu la f/8 vinatosha kuanzia. Mwenye simu afunge fokasi, asitumie flashi. Zima pampu kwa dakika chache ili vumbi litue, na usisahau kuiwasha tena.

Kioo kina jambo jingine, nalo linamhusu samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni. Huyu anauzwa nje kutoka pwani ya Kenya pamoja na samaki wengine wa mapambo. Baharini kazi yake ni kubwa: kwenye miamba ya Australia, mtafiti Alexandra Grutter alikadiria kuwa msafishaji mmoja hula wadudu wapatao 1,200 kwa siku kutoka kwa wateja wake. Lakini kitamu kwake ni ute wa mteja, na akipata nafasi humng'ata. Mwaka 2006, Redouan Bshary na Grutter walionyesha kwamba mteja mwingine akiwa anatazama, msafishaji hupunguza udanganyifu. Kisha mwaka 2019 watafiti wa Japani wakiongozwa na Masanori Kohda waliripoti kuwa samaki huyu hujikagua kwenye kioo cha kujitazamia. Sasa fikirieni picha yetu: msafishaji karibu na kioo chenye giza nyuma, anaweza kuwa anashughulika na sura yake mwenyewe, nasi tunaandika kuwa anamhudumia mteja. Subiri mteja apanue mapezi na kufungua kinywa. Hiyo ni ishara yake ya kuomba huduma. Akishtuka mwili ghafla, ameng'atwa. Piga na hiyo.

Nyumbani kwenye tangi la wateja wawili watatu, msafishaji huyu mara nyingi hufa njaa. Msimnunue kwa ajili ya picha. Subirini bamvua, mkampige kwenye vidimbwi virefu vya mwambani kama yupo.

Viumbe wengine wote, kabla ya kuwatoa majini, wanachama wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, waulizwe. Na anayekwenda kaskazini akumbuke kuwa Kiunga ni hifadhi ya bahari tangu 1979.

Chini ya kila picha andikeni kwamba ilipigwa tangini, viumbe walitoka wapi, walikaa muda gani, na kama walikutwa pamoja au tuliwakutanisha sisi.