Usingizi wa Mama Akomapo Hedhi



Wanawake wengi hukoma hedhi baina ya umri wa miaka 45 na 55. Naye mwanamke huhesabiwa amekoma ipitapo miezi 12 pasipo kuiona. Katika kipindi hicho homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na ile sehemu ya ubongo isimamiayo joto huwa nyepesi kushtuka. Ndipo mama huamka usiku wa manane, shuka limelowa jasho, moyo ukimwenda mbio, na usingizi usirudi.

Asubuhi akiwa mkali, watu wa nyumbani husema amegeuka tabia, au amepagawa. Hakupagawa, hakulala.

Basi na asaidiwe. Chumba kipate hewa, nguo za kulalia ziwe nyepesi za pamba, kahawa na chai ziachwe tangu alasiri, na saa ya kuamka iwe ile ile kila siku. Hali ikizidi, matibabu yapo. Akikoroma na kukatika pumzi usingizini, au akitokwa damu baada ya hedhi kukoma, apelekwe kwa daktari bila kukawia. Mume na watoto wasingoje hapo ndipo wamhurumie.