Hesabu ya Maji ya Vyoo vya Bweni

Mwaka huu tunachangia vyoo 20 vya bweni la wasichana, na kwenye bajeti kuna mstari uliozua maswali: mita za maji. Mita za nini, wakati fundi ametuhakikishia kwamba vyoo hivi vinabana matumizi?

Tuanze na hesabu ya fundi. Wasichana ni 240. Utaratibu wa LEED, unaotumika Marekani kupima majengo ya kijani, huhesabu kwamba mwanamke huenda chooni mara tatu katika siku ya kazi. Bwenini ni zaidi, lakini tuufuate. Matangi ya zamani ya lita 9 yangekula lita 27 kwa kila msichana. Haya ya vitufe viwili, lita 3 kwa haja ndogo mara mbili na lita 6 kwa haja kubwa mara moja, ni lita 12. Kwa wote, tunaokoa lita 3,600 kwa siku. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo.

Ila sisi tunaoshika vitabu tunajua kuwa hiyo ni bajeti, siyo matumizi. Choo kinachovuja kimya kimya robo lita kwa dakika kinapoteza lita 360 kwa siku. Vikivuja kumi, akiba yote imekwisha na hakuna aliyesikia kitu. Kitufe kikifa, msichana anachota ndoo. Tuliosoma pale tunaijua ile ndoo, na kile kilima cha kutoka bombani.

Kwenye vyoo vya zahanati tuliwaandikia akiba tuliyoitoa kwenye michoro. Hatukupima. Tunaomba radhi.

Safari hii tunaomba mita mbili: moja ya vyoo peke yake, nyingine ya kuogea na kufulia, maana maji ya kufulia yakichanganywa humo hatutaona kitu. Matroni aisome ya vyoo wanafunzi wakilala, aisome tena alfajiri kabla hawajaamka. Namba ikiwa imesogea sana, kuna tangi linavuja. Na fungu la raba na valvu msilikate. Tunajua hakuna anayependa kupigwa picha akikabidhi raba ya tangi la choo.

Kila baada ya miezi mitatu tutawatumia namba za mita zenyewe, hata zikituaibisha. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho.