Chanjo Zimeisha, Kliniki Haijaisha

Leo tuzungumze juu ya vitamini na madini, na jinsi vinavyomsaidia mtoto kupigana na magonjwa.

Mama, mtoto akiugua kila mara, unaweza kushawishika kununua chupa ya dawa ya "kuongeza kinga". Kabla hujatoa pesa za mboga, sikiliza kwanza.

Mwili wa mtoto una askari wake. Kidonda kikivimba na kuwa chekundu, jua askari wamefika kazini. Uvimbe huo ni mzuri, mradi uishe kazi ikiisha. Askari hawa huhitaji lishe ili wapigane, na pia ili watulie. Vitamini A hulinda macho na ngozi laini ya ndani ya mapafu na utumbo. Ikipungua, surua na kuhara humwangusha mtoto vibaya zaidi. Zinki husaidia utumbo kupona. Madini ya chuma hujenga damu.

Vyote hivi viko sokoni. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanatosha. Baada ya hapo, mpe viazi vitamu vya rangi ya chungwa, malenge, karoti, terere na sukuma wiki, vikiwa na mafuta kidogo. Ongeza maini, omena iliyosagwa, yai au maharagwe. Usimpe chai pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mpe kipande cha chungwa au papai. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini.

Sasa tuje kliniki. Watoto wengi huja vizuri hadi chanjo ya surua ya miezi tisa, kisha hatuwaoni tena. Hapo ndipo pengo lilipo. Kuna chanjo ya pili ya surua katika miezi 18, na matone ya vitamini A hutolewa kuanzia miezi sita, kila baada ya miezi sita, hadi mtoto afikishe miaka mitano. Katika vituo vya serikali hulipii. Wiki za Malezi Bora za Mei na Novemba ni nafasi nzuri, lakini usizingoje kama muda wake umefika. Beba kijitabu, ili asipewe mara mbili.

Akihara, mpe maji ya ORS pamoja na tembe za zinki, moja kila siku kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi sita hupewa nusu tembe. Kuhara kukikoma siku ya tatu, usiache. Siku zilizobaki ndizo zinazomkinga asihare tena miezi inayofuata. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au kuna damu kwenye choo, mkimbize hospitali mara moja.

Jioni ya leo, fungua kijitabu cha Mama na Mtoto kwenye ukurasa wa vitamini A. Tarehe ya mwisho ni ipi? Ikiwa miezi sita imepita, mlete kesho asubuhi. Hatutakugombeza kwa kuchelewa.

Kwaherini, na mlale salama.