Nani amekasirika, na anaweza kukufanyia nini?

1/ Haya ni maneno niliyowaambia vijana kwenye mdahalo mmoja, nimeyakatakata ili yasomeke kwa simu. Swali tulilopewa: je, hofu ya kuudhi watu imeharibu vichekesho? Kama kawaida yetu hapa, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Tunabishania hoja.

2/ Mmeisikia ile lawama: "Siku hizi huwezi kusema kitu, watu wanaudhika haraka." Mchekeshaji anaisema. Mheshimiwa naye akirekodiwa akitukana jamii fulani mkutanoni, kesho yake anasema: "Jameni, nilikuwa natania." Kilio ni kimoja lakini shida ni mbili tofauti. Tuzitenganishe.

3/ Kwanza, wanaosema zamani kulikuwa na uhuru wa kuchekesha, niwaulize: uhuru wa kumcheka nani? 1977 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ilipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wake, akawekwa kizuizini bila kesi. 1986 Wahome Mutahi, yule wa safu ya Whispers iliyochekesha nchi nzima, alifungwa jela kwa mashtaka ya kisiasa. Hiyo ndiyo zamani yenyewe.

4/ Miaka hiyo uliruhusiwa kumcheka mfanyakazi wa nyumbani, mlinzi wa geti, mama mkwe, mlemavu, mtu wa lafudhi nzito. Juu hakuguswi. Ndiyo maana Redykyulass walipomwiga rais kwenye televisheni mwishoni mwa miaka ya 1990, watu walicheka huku wakiangalia mlango. Kuanzia 2009 tukaona vikaragosi vya wakubwa kwenye XYZ Show. Nafasi hiyo hatukupewa zawadi. Kuna watu waliijaribu kwanza wakiogopa.

5/ Sasa kilichobadilika ni nini? Yule mlinzi wa geti ana simu. Akichekwa anajibu, na watu elfu kumi wanamuunga mkono. Mchekeshaji anaumia, pengine anapoteza shoo. Nakubali inauma, na wakati mwingine watu wa mtandao wanapita kiasi. Lakini huko ni kujibiwa. Huyo mchekeshaji jioni analala kwake.

6/ Hofu ya pili ni nyingine kabisa. Mwisho wa 2024 vijana waliochapisha picha na katuni za kuwakejeli viongozi walitekwa na watu wasiojitambulisha. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025. Familia zao zilikaa siku nyingi bila kujua kama wako hai.

7/ Halafu Aprili 2025, wasichana wa Butere na mchezo wao Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Kule Nakuru polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Ni watoto wa shule hao, na wana amri ya korti mkononi! Usiniambie hofu hii na ile ya kujibiwa kwenye komenti ni kitu kimoja.

8/ Sheria inasemaje? Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza. Kisicholindwa kimeorodheshwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kutetea chuki dhidi ya jamii au kuwachafulia wengine jina. Soma orodha yote, "kumuudhi mheshimiwa" haimo. Na 2017 Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kumchafulia mtu jina. Ukichafuliwa, nenda ukadai fidia kwa kesi ya madai kama mwananchi mwingine yeyote.

9/ "Basi hata utani wa kikabila ni ruksa?" Swali zuri, na ndilo gumu. Chukua neno "madoadoa". Likitamkwa hivi hivi linachekesha. Lakini kule Bonde la Ufa lilitumika kuwaita majirani watu wa kuondolewa. Ghasia za 2007/08 ziliua watu zaidi ya 1,100, na sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 ilitungwa baada ya hapo. Kwa hivyo mchekeshaji anayeiga lafudhi ya shangazi yake si sawa na mtu mwenye jukwaa, walinzi na umati wenye hasira akisema madoadoa yatolewe.

10/ Wengine watasema sheria hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kumkamata mchekeshaji. Ni kweli, hatari ipo. Ndiyo maana anayepima kama ni uchochezi awe hakimu, kwa ushahidi, hadharani. Asiwe OCS, wala asiwe mheshimiwa aliyeamka vibaya.

11/ Wazee wetu walikuwa na utani, na ulikuwa na kanuni: ninayemtania naye ananitania, na hakuna anayekasirika. Mtani ambaye hawezi kukurudishia si mtani wako, unamwonea tu. Na mkubwa anayekutania halafu anatuma gari usiku ukimrudishia, huyo hajui utani.

12/ Kwa hivyo ukisikia mtu analalamika kuhusu "kuudhi", uliza: aliyeudhika anaweza kukufanyia nini? Kama anaweza kukujibu tu, vumilia, na labda usikilize, pengine ana hoja. Kama anaweza kukupoteza, huyo ndiye wa kupigiwa kelele, hata kama kichekesho chenyewe hakikukufurahisha. Hasa kama hakikukufurahisha, kwa sababu kesho zamu itakuwa ya kile unachokipenda.

Mwisho. Mnaopinga, komenti ziko wazi. Mkinijibu kwa ukali sitakufa.