Kutu Katika Land Rover Kuukuu

Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Sehemu kubwa ya bodi ya magari yale ya zamani ni alumini, isiyoshika kutu. Lakini fremu ya chini ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, na kutu huila kutoka ndani. Basi mnunuzi asidanganywe na rangi nzuri ya juu. Fremu ikivunjika njiani, abiria wamo hatarini.

Anayejifunza kazi hii na aanze chini. Gari likiisha kuinuliwa kwa jeki, liegemezwe juu ya vyuma imara, kwani jeki huweza kuteleza. Kisha agonge fremu kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti hafifu. Palipooza pakatwe, na fundi stadi achomelee chuma kipya, betri na tangi la mafuta vikiwa vimekwisha ondolewa. Penye kutu ya juujuu pasuguliwe kwa brashi ya waya hata pang'ae, papakwe upesi rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi ya mwisho. Hatimaye matundu ya kutokea maji yazibuliwe, na fremu ikikauka, nta ipulizwe ndani.

Kazi hiyo haionekani barabarani, lakini ndiyo inayolibeba gari na watu wake.