Tutengeneze Zana Gani ya Kuvuna Chaza na Kombe?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya pwani)

 

Swali lililotuleta hapa leo ni la pesa za kikundi kabla ya kuwa la vyuma. Kuna vikundi ambavyo wanachama wao wameona picha za zana ya chuma inayokokotwa na mashua chini ya bahari huko ng'ambo. Inazolewa mara moja na inapanda na chaza tele. Wakatuuliza: kwa nini tusichange, tumpelekee fundi wa jua kali, naye atutengenezee moja? Ni swali la haki kabisa. Mama anayeinama tangu maji yanapotoka mpaka yanaporudi, mgongo unamuuma, nyayo zimechanjwa na magamba, na jioni ana ndoo moja tu, huyo ana haki ya kuuliza kama hakuna njia nyepesi. Kwa hiyo hatutamjibu kwa neno moja. Tutaieleza ile zana jinsi ilivyo, kisha tutaamua.

Zana hiyo huitwa dreji. Dreji ndogo ya chaza ni fremu ya chuma ya pembe tatu. Kwenye ncha ya mbele hufungwa kamba inayokwenda kwenye mashua. Upande mpana wa nyuma una ubao mwembamba wa chuma kama kisu, au safu ya meno kama ya reki, ambao unapita juu ya sakafu ya bahari na kung'oa chaza. Nyuma yake unafuata mfuko. Sehemu ya chini ya mfuko hutengenezwa kwa pete za chuma zilizounganishwa, na sehemu ya juu ni wavu wa kawaida. Kwa nini isiwe wavu pande zote? Kwa sababu upande wa chini ndio unaosuguliwa na mchanga na mawe. Wavu wa nailoni ungechanika upesi sana, lakini upande wa juu haugusi kitu, basi hakuna haja ya kuulemeza kwa chuma. Hapo ndipo penye akili yote ya zana inayodumu: weka nguvu na gharama pale panapolika, na usitupe pesa mahali pasipolika.

Wenye kazi hii wana mambo mengine ya kutufunza. Kwanza ni viatu. Chini ya fremu huweka vipande viwili vya chuma kama viatu vya sleji, ambavyo fremu inakalia inapokokotwa. Mchanga unakula kiatu, siyo fremu, na kiatu kikiisha kinabadilishwa. Meno pia huwekwa hivyo hivyo, yaweze kutolewa moja moja. Huko Uskoti, dreji za kuvulia kombe wakubwa zina safu ya meno iliyoshikwa na springi, hivyo meno yakigonga jiwe yanalala nyuma, yanapita, kisha yanasimama tena. Kama yangekuwa yamekazwa kabisa, jiwe la kwanza lingeyapinda au kuyavunja.

Jambo la pili ni kujua ni kitu gani kivunjike. Dreji ikinasa kwenye mwamba huku mashua inavuta, lazima kitu kikatike. Mtengenezaji mwenye busara anachagua mwenyewe kitakachokatika. Anafunga mbele kwa kipande cha kamba dhaifu cha bei ndogo, na kamba ya pili yenye nguvu anaifunga nyuma ya fremu. Ile dhaifu ikikatika, dreji inavutwa kwa nyuma na kujinasua. Hasara ni kipande cha kamba. Asiyefikiria jambo hilo hupoteza zana nzima, au mashua inazama.

Sasa kutu. Sisi tulio karibu na bahari tunaijua kutu kuliko watu wa bara. Chuma kinacholowa maji ya chumvi halafu kikaanikwa juani, kisha kikalowa tena, kinaliwa haraka kuliko kile kinachokaa ndani ya maji muda wote. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu inasaidia kwa jembe la shambani, lakini kwa kitu kinachosuguliwa na mchanga itaondoka mapema sehemu zinazogusa chini. Kupakwa zinki ya moto ni bora zaidi ikiwa kiwanda kipo karibu na bei inawezekana. Lakini hapa tuwe waangalifu: fundi asichomelee chuma kilichokwisha kupakwa zinki bila kuikwangua kwanza. Moshi wake ni sumu na humletea homa. Kuchomelea kuwe kwanza, zinki baadaye.

Msikubali pia kuchomelewa kwa vidoti. Fundi mwenye haraka huweka doa moja hapa na moja pale, na kwa macho kazi inaonekana safi. Kumbe katikati ya madoa mna ufa, maji ya chumvi yanaingia humo na hayakauki. Kutu inaanzia ndani msikoiona, na siku moja mguu wa fremu unabaki baharini. Mwambieni achomelee mstari mzima, pande zote mbili. Na msichanganye chuma na shaba. Bolti ya shaba kwenye fremu ya chuma, zikiwa ndani ya maji ya chumvi, husababisha chuma kilicho karibu kulika upesi kuliko kawaida. Kila mkirudi nyumbani, suuzeni zana kwa maji baridi, hata kama ni ya kisima chenye chumvi kidogo.

Mpaka hapo mtasema, basi tumeelewa, twendeni kwa fundi. Subirini.

Dreji ilitengenezwa kwa ajili ya chaza na kombe waliolala juu ya sakafu iliyo tambarare, ya mchanga, changarawe au tope, mahali ambapo maji hayatoki. Chaza wetu hawakai hivyo. Chaza tunaowavuna Kenya wameshikilia mizizi ya mikoko na miamba ambayo maji yanapotoka inabaki wazi. Hao dreji haiwafikii. Kombe wamejifukia katika mchanga na tope, mara nyingi ndani ya nyasi za baharini, na tondo wako kwenye tope la mikoko ambapo wanaokotwa kwa mkono. Nje zaidi ni matumbawe. Tukiburuta chuma katika nyasi hizo au juu ya matumbawe, tutapata mzigo mmoja wa vitu vilivyovunjika, na tafi na changu waliokuwa wakijificha na kulea watoto wao hapo watakosa nyumba. Wavuvi wanaokaa nasi katika kijiji kimoja ndio watakaopata hasara. Kumbukeni juya lilipigwa marufuku hapa Kenya mwaka wa 2001 kwa sababu ya namna hiyo hiyo: kuburuta chini, kuharibu makao na kukamata samaki wachanga. Kikundi cha kujisaidia kisianze mradi ambao utakigombanisha na BMU yake kabla ya kupata faida ya kwanza.

Hata huko ambako dreji inafaa, imeleta kilio. Mtazame ghuba ya Chesapeake kule Marekani. Jimbo la Maryland liliruhusu dreji mwaka wa 1865, lakini kwa mashua za tanga tu. Katika miaka ya 1880 mavuno yalifika karibu busheli milioni 15 kwa msimu, na busheli moja ni karibu debe mbili. Chaza wa huko hujengana mmoja juu ya mwingine mpaka wanafanya vilima chini ya maji, na watoto wao hushika kwenye magamba ya wakubwa. Chuma kilisambaza vilima hivyo mwaka baada ya mwaka, na magamba yaliuzwa badala ya kurudishwa. Baadaye yakaja magonjwa ya chaza na uchafu wa maji. Leo waliobaki ni sehemu ndogo sana ya wale wa zamani, na serikali inatumia pesa nyingi kurudisha magamba majini.

Kuna mahali pengine walipotenda kwa kiasi. Katika mto Fal, Cornwall, Uingereza, mpaka leo chaza wanakokotwa kwa mashua za tanga na makasia peke yake. Injini hairuhusiwi, na msimu ni kuanzia Oktoba hadi Machi. Mtu wa kisasa anaweza kuwacheka, lakini wamekaa na kazi yao. Na wana kitu kimoja ambacho tungependa kila kikundi kiige hata leo jioni: pete ya kipimo. Ni pete ya milimita 67, na chaza anayeweza kupita ndani yake anarudishwa majini. Fundi yeyote anaikunja kwa kipande cha nondo. Ukubwa wa pete yetu wenyewe tuuamue pamoja na afisa wa uvuvi, kwa kuwa chaza wa Fal si wa aina yetu. Marekani nao, kwa kombe wakubwa wa bahari ya kaskazini mashariki, tangu mwaka wa 2004 sheria inataka pete za mfuko ziwe na upana wa sentimita 10 hivi, ili wadogo waponyoke wenyewe wakiwa bado chini. Hapo zana yenyewe inachagua, mtu hana haja ya kusukumwa na dhamiri wakati ana njaa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: pesa za dreji zitengeneze reki na patasi, na yale tuliyojifunza kuhusu kudumu yatumike huko.

Reki ya kombe iwe na upana unaomfaa mwanamke mmoja, asije akavuta mzigo wa punda. Meno yatoke kwenye springi kuukuu ya gari, ile ile ambayo mafundi wetu wanatengenezea majembe. Ni chuma kigumu na mchanga haukimalizi upesi. Lakini sikilizeni vizuri: meno ya springi yasichomelewe. Moto wa kuchomelea ukipita hapo chuma cha springi kinakuwa kama kigae, na jino hukatika pale pale kwenye mshono. Yafungwe kwa bolti, na bolti zipakwe grisi ili baada ya mwaka ziweze kufunguka. Nafasi kati ya jino na jino iwe ile ambayo kombe mchanga anapita. Nyuma ya reki wengine huweka kikapu cha waya. Sisi tunapendelea kikapu cha kamba ya nailoni kwa upande wa juu na waya mnene upande wa chini, kwa sababu ile ile tuliyoieleza. Mpini uwe mrefu wa kutosha ili mama asimame wima. Jambo hili mafundi wanalisahau kwa kuwa si mgongo wao. Na reki ipite kwenye mchanga ulio wazi tu. Penye nyasi, tuendelee na mkono.

Kwa chaza wa mikoko, patasi fupi au kisu kizito kinatosha, pamoja na glavu na viatu vya mpira. Mzizi usikatwe. Gambia, Afrika Magharibi, akina mama wa chama kiitwacho TRY, kilichoanza mwaka wa 2007, walijifunza kuwabandua chaza bila kuukata mzizi, wakakubaliana kufunga mavuno sehemu kubwa ya mwaka, na mwaka wa 2012 serikali yao ikawapa haki ya kusimamia chaza wa eneo lao la mikoko. Hawa si matajiri wala hawana mashine. Ni wauzaji wa kando ya barabara, kama baadhi yetu.

Tuseme na hili kwa kupita: chaza na kombe wanachuja maji wanamoishi, kwa hiyo msivune karibu na mfereji wa choo au wa hospitali. Wapikwe vizuri. Na bahari ikibadilika rangi kwa namna isiyo ya kawaida, acheni kabisa mpaka afisa wa uvuvi aseme, maana sumu ya wakati huo haiondoki kwa kuchemsha.

Kuhusu malipo kwa fundi, msitoe pesa zote mwanzoni. Agizeni reki mbili tu. Moja iende na mama mwenye nguvu, ya pili na mama mzee, wakati wa bamvua ambapo maji yanatoka mbali. Katibu aandike kila siku: saa walizofanya, kombe wangapi, wangapi wamerudishwa, kitu gani kimelegea. Bamvua mbili zikipita mtajua kama mpini uongezwe, kama meno yapunguzwe. Ndipo mweka hazina amlipe fundi salio na kuagiza nyingine. Zana zikae kwa mwanachama mmoja aliyeandikwa jina, mwenye kisima au tangi la maji nyumbani kwake, ili zisuuzwe kabla ya kulala.