Kukandwa Peke Yake Hakutoshi

Msikilizaji, kukandwa kwa mafuta ya nazi hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu kwa muda na humpa mzee utulivu, lakini hakumwongezei nguvu. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na kinachoirudisha ni kutumiwa. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kuongeza mazoezi ya nguvu angalau siku 2 na ya kusimama imara bila kuyumba siku 3, ili wasianguke.

Wapo watakaosema mzee amechoka, aachwe apumzike. Huruma hiyo, nionavyo, ndiyo inayomlemaza, kwa kuwa goti lisilokunjwa hukakamaa. Wengine watasema jembe linatosha. Jembe ni zoezi zuri, ila halimfundishi mtu kusimama kwa mguu mmoja. Mwenye ugonjwa wa moyo aanze taratibu, kwa ushauri wa daktari. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiukande. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.